Kibao Kilichofukuza Watu Njiani

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Misitu wa Rubafu alinitazama miguuni kabla ya kunitazama usoni. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vyeusi, nimevipiga rangi mpaka vinang'aa, kwa sababu mama yangu alikuwa amesema serikali haiajiri mtu mchafu. Bwana Misitu akaniambia, "Vua hivyo." Nikadhani nimesikia vibaya. "Vua, binti. Leo tunakagua njia, na njia haikaguliwi kwa viatu."

Basi nikavua. Tukapanda kilima peku, yeye mbele mimi nyuma, viatu nimevishika mkononi kama kuku wa zawadi. Kila tukienda kidogo ananiuliza, "Hapa umesikia nini?" Nasema nimesikia jiwe. "Na hapa?" Nimesikia tope. "Tope la leo au la jana?" Jamani! Tope nalo lina siku? Nikasema moyoni, Adventina, umeajiriwa na mzee aliyechanganyikiwa. Kumbe alikuwa ananifundisha kusikia kwa nyayo mahali maji yanapotuama na mahali yanapokimbia, maana njia ya miguu haiuawi na watu, huuawa na maji. Tulipofika juu akakaa kwenye jiwe akaniambia, "Kuanzia leo bosi wako ni maji. Mimi ni karani wake tu."

Nawaandikia ninyi vijana mnaoniuliza kila siku, "Bibi, ulikuwa unafanya kazi gani hasa?" Nikiwajibu kwamba nilikuwa natunza njia za miguu, mnacheka. Mnadhani njia inajitunza. Mnadhani mtu akipita tu, basi imekuwa njia, na ikiharibika anapita pembeni. Ndiyo maana nchi hii ina njia tano mahali panapohitaji moja, na zote tano ni makorongo.

Hebu nieleze, labda mmoja wenu atasikia. Njia ikishuka moja kwa moja kwenye mteremko, mvua ikinyesha inageuka mfereji. Maji yakipata mwendo yanabeba udongo, yakibeba udongo yanachimba, na msimu ukiisha una shimo la kumzika ng'ombe. Kwa hiyo njia inazungushwa, inapanda kwa kona, inatafuta mwinuko mdogo. Tulipima kwa ubao mrefu na pimamaji, kile kifaa cha mafundi waashi chenye tone la hewa ndani ya kioo. Kisha tuliweka makinga maji. Hayo ni mawe au magogo yanayolazwa mshazari, yaani kwa upande, kukatisha njia, ili maji yakifika pale yasukumwe pembeni kabla hayajapata jeuri. Kinga likilazwa vibaya kidogo tu, maji yanaliruka na kukucheka. Nililaza makinga mengi sana Rubafu, na Bwana Misitu aliyang'oa karibu yote kwa mikono yake na kuniambia nirudie. Hakuwahi kunisifu hata mara moja. Siku nilipohamishwa alisema, "Angalau wewe unasikia tope," nikalia njia nzima mpaka Bukoba mjini.

Nikahamishiwa Muleba, na huko Muleba wakanituma kisiwani Goziba. Sijui nani alitoa wazo hilo na sitaki kumjua. Goziba ni kisiwa cha wavuvi. Mtu anafika kwa boti, anavua, anauza, anaondoka. Ofisa Maliasili, ambaye alikuwa mkubwa wangu mpya, alitaka njia ya kupanda kutoka mwaloni, pale boti zinapotia nanga, hadi kwenye majabali ya juu, ili wageni wakija waone ziwa. "Wageni gani, Bwana Ofisa?" nikamuuliza. Akasema, "Wewe tengeneza, watakuja." Nikatengeneza. Nilisawazisha, nikaondoa mawe makali, nikamwaga changarawe safi kutoka ufukweni. Ilikuwa njia nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitengeneza, bapa kama mkeka. Nilipoamka siku ya pili baada ya kumaliza, njia yote kutoka chini mpaka juu ilikuwa imeanikwa dagaa.

Nikashuka nikipiga kelele. Mama mmoja wa Kikerewe aliyekuwa akiwageuza dagaa wake akanitazama kwa upendo kabisa. "Dada, Mungu akubariki," akasema. "Miaka yote tunaanika kwenye mchanga, wateja wanalalamika dagaa wana mchanga. Leo serikali imetukumbuka." Nilikaa Goziba mpaka mgongo ukaniuma, nikiwa mtunza uwanja wa dagaa mwenye sare ya kijani.

Kutoka hapo ndipo nikapelekwa Ijumbi, na Ijumbi ndiko nilikomalizia kazi na ndiko ninakoishi hadi leo. Huko kulikuwa na njia ya kweli, njia ya wazee, si ya kuchora kwenye karatasi. Inaanzia juu, pale kwenye kigango, kanisa letu dogo la kijiji. Inapita rweya, na kwa msiotoka kwetu, rweya ni mbuga ya majani iliyo wazi kati ya vijiji, ambako hakulimwi migomba, bali watu huchunga na kukata nyasi za kutandika shambani na nyumbani. Upepo wa rweya unaweza kukuvua kitambaa kichwani. Baada ya rweya njia inaingia kwenye msitu wa misindano, halafu msitu wa asili wenye kijito, inatelemka kwa kona hadi bwawani, lile bwawa lililochimbwa ili vitongoji vya chini vipate maji. Ukiwa njiani asubuhi, unaona ziwa kwa mbali na visiwa vyake. Kina mama walipita hapo na ndoo, watoto walipita kwenda shule, hata maharusi walipita hapo. Niliipenda ile njia tangu siku ya kwanza. Makorongo ilikuwa nayo, lakini mifupa yake ilikuwa mizima.

Nikaanza kazi. Nilitafuta mawe, nikalaza makinga, nikajenga ngazi za mawe pale panapoporomoka, nikaweka magogo mawili juu ya kijito. Watu walikuwa wakipita huku nafanya kazi, wananiambia, "Kazi nzuri, Ma," na mimi nasema asante. Kwetu mwanamke mtu mzima huitwa Ma, na mwanamume Ta. Tuliishi hivyo vizuri kwa miaka, mpaka Mratibu alipokuja.

Mratibu alikuwa kijana wa hapa hapa Muleba, mtoto wa watu wema, lakini alikuwa amekwenda kusoma Uingereza akarudi nshomile hasa, msomi wa kujidai. Alikuja na mradi wa utalii wa kutembea kwa miguu. Akatukusanya kigangoni akatuonyesha picha ukutani. Kweli zilikuwa picha nzuri: rweya ya Waingereza, ya rangi ya zambarau, msitu, mabwawa makubwa yaliyozungushiwa kuta za mawe, na ngazi ndogo za mbao za kumwezesha mtu kuruka ukuta wa shamba bila kuubomoa. Na watu wazima, wazee wa umri wangu wa sasa, wamevaa mabuti na mifuko mgongoni, wanatembea.

"Wanakwenda wapi?" akauliza Ma Koku, jirani yangu, ambaye shamba lake linapakana na ile njia.

"Hawaendi popote, Ma. Wanazunguka bwawa, wanarudi pale pale walipoacha gari."

"Wamepoteza nini?"

"Hawajapoteza kitu. Wanatembea kwa ajili ya kutembea."

Ma Koku akafikiri. "Na hiyo mifuko mgongoni wamebeba ndizi?"

"Wamebeba mkate na chai, wanakula njiani."

"Mawe!" akasema Ma Koku, na kwetu hilo ni neno la kumwita mama yako ukishangaa. "Mtu ana gari, ana mkate, na bado anatembea kwa miguu kurudi alikotoka. Maskini, watu hawa wana msiba." Kigango kizima kikacheka, Mratibu naye akacheka. Alikuwa kijana mzuri, nasema ukweli. Tatizo lake lilikuwa moja tu, kibao.

Alileta kibao cha chuma cha kijani, kimechorwa mtu mwenye mfuko na fimbo, na chini maandishi ya njano: NJIA YA WATALII. Tukakisimika juu kigangoni, pale njia inapoanza, tukakimwagia zege ili kisiibwe. Mratibu akapiga picha. Mimi nikasimama kando yake nikitabasamu. Nilijiona nimefika, maana hakuna aliyewahi kuipa kibao njia yangu yoyote.

Baada ya majuma kadhaa nikaanza kuona nyasi. Nyasi! Katikati ya njia iliyokuwa imekanyagwa tangu enzi za mababu. Nikasema labda ni mvua. Nikafyeka. Zikarudi. Ndipo nikakaa kwenye ngazi zangu za mawe asubuhi moja kuangalia nani anapita, na hakupita mtu. Hata mmoja. Nikapanda juu kigangoni, nikamwona mama mmoja na ndoo kichwani anafika kwenye kibao, anakiangalia kwa heshima, halafu anageuka kushoto na kuporomoka moja kwa moja katikati ya migomba ya Ma Koku.

"We Ma!" nikamwita. "Njia ni huku!"

"Hapana, Ma Adventina, hiyo ni ya watalii," akanijibu kwa adabu kubwa. "Tutaichafua bure."

Nikamwambia ni ya watu wote. Akatabasamu vile tunavyomtabasamia mtu anayetukaribisha chakula ambacho tunajua hakitoshi. "Hapana waitu, mwenzetu, asante. Waacheni wageni wapite pazuri." Akaenda zake. Na nyuma yake wakaja wengine, wote hivyo hivyo, wote wana adabu, wote wanaporomoka kwenye migomba. Mnajua kukasirishwa na mtu mwenye adabu kulivyo kugumu? Huwezi hata kumtukana.

Njia ni miguu. Pasipo miguu panaota, na penye miguu panafunguka. Ile njia mpya ya kukatiza kwa Ma Koku ikafunguka upesi, ikawa nyekundu na pana, wakati ya wazee inafungwa na nyasi. Ikawa sasa wageni wenyewe wakija, na walikuja wachache, Wajerumani na Waholanzi, wanasimama kwenye kibao, wanaangalia mkono wa kulia wanaona majani, wanaangalia kushoto wanaona njia nzuri iliyokanyagwa, wanakwenda kushoto! Wanatokea jikoni kwa Ma Koku anapomenya ndizi. Naye mama wa watu angefanya nini? Anawakaribisha, anawapa kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni yeyote kwetu. Wanashukuru, wanapiga picha, wanaandika huko kwao kwamba matembezi ya Ijumbi yana kituo cha kahawa. Mratibu alinipigia simu kunipongeza kwa ubunifu huo. Niliikata simu nikasingizia mtandao.

Ningekuwa nacheka tu mpaka leo, lakini kulikuwa na Ta Sospeter.

Ta Sospeter ni mdogo wa marehemu mume wa Ma Koku. Kibanja chake, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kiko kando ya kibanja cha Ma Koku, na mpaka kati yao ni mstari wa miramura, ile miti myembamba ambayo kwetu ukiiona imepandwa unajua hapa ni mwisho wa mtu na mwanzo wa mwingine. Ta Sospeter hakuwahi kuupenda ule mpaka. Ile njia mpya ilipofunguka katikati ya shamba la shemeji yake, aliiangalia misimu miwili, mitatu, kisha akaenda baraza la kata. Akasema mpaka wa kweli ni njia. Kwamba njia ile ipo tangu enzi za babu yake, kwamba kila mtu anajua mababu waligawa ardhi kwa kufuata njia, na kwamba miramura ilipandwa na marehemu kaka yake kwa ujanja. Kila kilicho upande wake wa njia ni chake.

Upande huo wa njia kulikuwa na kahawa zote za Ma Koku na migomba yake bora. Na kulikuwa na kaburi la mumewe. Kwetu tunawazika watu wetu kibanjani, tunalala nao jirani, tunawapalilia. Ma Koku alikuja kwangu jioni ile akiwa ameshika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, kama mtu aliyevunjika. "Adventina," akasema, "nikienda kumpalilia mume wangu niombe ruhusa kwa Sospeter?" Nilimtengea chai, ikapoa hakuigusa.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Nikaapa kwamba kabla baraza halijaja kuona shamba kwa macho, nitawarudisha watu kwenye njia yao, ili njia ya wazee ionekane ni njia na ile ya migombani ifungike. Jambo rahisi, sivyo? Watu wale wale, njia ile ile waliyozaliwa wakiipita!

Kwanza nilikwenda kung'oa kibao. Nilivunja zege kwa sululu yangu mwenyewe, nikafyeka njia yote, nikasema sasa. Asubuhi nikakaa kwenye ngazi nikisubiri. Hakuna mtu. Nikapanda juu, nikamkuta yule mama wa ndoo anageuka kushoto kama kawaida. "Kibao nimekitoa, Ma!" nikamwambia. "Njia ni yenu!"

"Tumeona, Ma Adventina," akasema kwa huruma. "Poleni sana. Kumbe serikali imeifunga?"

Sijui nilimjibu nini, nadhani nilipiga kelele tu. Kibao kikiwepo ni ya watalii, kibao kisipokuwepo imefungwa! Nikaenda kwa katekista, akatangaza baada ya ibada kwamba njia ya wazee iko wazi kwa wote na Ma Adventina anawaomba waipite ili kumsaidia Ma Koku. Watu wote wakaitikia, wengine wakapiga makofi, mzee mmoja akasimama akasema maneno ya kugusa moyo kuhusu urithi wa mababu. Kisha wakatoka kanisani, wakapita wote migombani, wakimpa pole Ma Koku mlangoni pake kwa kesi yake. Nikamwuliza yule mzee wa maneno mazuri kwa nini asipite njia ya mababu. "Nina haraka," akasema. Ana haraka ya kwenda wapi, mtu ambaye hajawahi kuwahi popote! Sikio la kufa halisikii dawa, nami nikarudi nyumbani nikajifungia.

Siku ya baraza kufika, mvua ilianza alfajiri. Mvua ya kwetu hamuijui ninyi mlioko Dodoma, hainyeshi, inamwagwa. Ma Koku hakutaka kukaa nyumbani. Tukateremka tukakaa kando ya kaburi, kwa chini kabisa, pale njia zote mbili zinapokutana, tumejifunika turubai. Alikuwa amebeba kikapu kidogo chenye kahawa za kutafuna za kuwapa wajumbe. "Wanakuja kukunyang'anya," nikamwambia, "na wewe unawaletea kahawa?" Akasema mgeni ni mgeni. Nilikuwa na hasira na kila mtu, hata yeye.

Tulikuwa tunatazama juu, migombani. Nilijua watatokea hapo. Watashuka wote kwa ile njia nyekundu, mwenyekiti wa baraza ataiona kwa macho yake na kuikanyaga kwa miguu yake, Ta Sospeter atasema mnaona, na kesi imekwisha. Mvua ikapungua. Ma Koku akaanza kusali rozari. Tukasikia sauti za watu, lakini sikio langu likakataa, maana sauti hazikutoka migombani. Zilitoka msituni.

Wakatokea kwenye kona ya mwisho ya njia ya wazee, mmoja nyuma ya mwingine. Mbele Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye fimbo na suruali iliyopigwa pasi, nyuma wajumbe, nyuma yao nusu ya kitongoji wakiwa na majani ya mgomba kichwani kujikinga, na yule mama wa ndoo, na yule mzee mwenye haraka. Na katikati yao, ameshika mwavuli, amevaa koti la sikukuu na viatu vyeusi visivyo na hata chembe ya tope, Ta Sospeter.

Mwenyekiti akatuamkia, akapokea kahawa, akatafuna taratibu. Kisha akasema, "Ta Sospeter, wewe ndiye mlalamikaji. Tuonyeshe njia iliyo mpaka."

Ta Sospeter akanyoosha mwavuli kuelekea migombani. Kutoka pale tulipokuwa ile njia ilionekana yote, imegeuka mfereji, maji mekundu yanashuka kwa kelele na kumwagika miguuni mwetu. "Ile pale, Mwenyekiti. Tangu enzi za babu yangu watu wanapita pale. Hakuna njia nyingine."

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna."

"Sasa wewe umefikaje hapa?"

Ta Sospeter akatazama viatu vyake. "Leo kuna utelezi, Mwenyekiti. Tukaona tuzunguke huku."

"Nani aliyetuongoza huku? Mimi si mwenyeji. Pale kigangoni nilikuuliza tupite wapi, ukasema nifuateni."

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Njia ya mwongo ni fupi!" na watu wakaangua kicheko, maana kweli ilikuwa fupi, na imenyooka, na imejaa maji. Mwenyekiti akainua fimbo wakanyamaza. Akasema, "Mimi nimefundisha watoto wa wilaya hii miaka mingi. Wazee wetu hawakuwa na mabuti. Mvua hii waliijua. Njia ya wazee haimwangushi mtu masika, kama ingekuwa inawaangusha sisi tusingezaliwa. Tazameni hii tuliyoshuka. Ina ngazi, ina mawe yamelazwa kwa upande, maji yanatoka yenyewe. Hiyo ndiyo akili ya mababu. Yule aliyelaza mawe yale hakuwa mtu wa juzi."

Lo! Nikafungua mdomo. Akili ya mababu? Mababu gani? Yale mawe niliyabeba mimi kichwani! Kinga la pale kwenye kona nililirudia mpaka kucha zikang'oka! Njia ni yao, sikatai, wao ndio waliojua ipite wapi, lakini mawe ni yangu mimi Adventina, na nilikuwa nimesimama pale pale mbele yake, na sare ya kijani mwilini. Miaka yote kazini hakuna bosi aliyewahi kuisifu kazi yangu hadharani, na siku inaposifiwa wanapewa marehemu!

Ma Koku akanifinya mkono. Alinifinya kweli kweli, kucha zikaingia. Nikamtazama, naye hakunitazama, alikuwa anamtazama Mwenyekiti. Nikaelewa. Nikisema mawe ni ya juzi, Ta Sospeter atadakia kwamba na njia ni ya juzi, na tutarudi tulikotoka. Nikafunga mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko makinga yote niliyowahi kulaza.

Baraza likatamka pale pale kwamba njia ya migombani ndiyo ya juzi, hivyo mpaka ni miramura na kaburi liko kwa mwenyewe. Ma Koku hakupiga vigelegele. Alipiga magoti kwenye tope akaanza kung'oa magugu juu ya kaburi, akizungumza Kihaya kwa sauti ya chini na mumewe, anamweleza habari. Ta Sospeter aliondoka kwa njia ya wazee, mwavuli mkononi, kwani hata baada ya hayo yote hakutaka kuchafua viatu.

Mwezi ule nikastaafu. Ofisini walinipa soda, keki na kanga, na mkubwa wa siku hizo akasoma jina langu vibaya. Nilirudi Ijumbi nikiwa na hasira ambayo nilidhani nitazikwa nayo. Ma Koku alikuwa ameshapanda miramura kukatisha ile njia ya migombani, juu na chini, na mbele ya miramura hapiti mtu wa kwetu, hata mwenye haraka. Basi watu wakarudi kwenye njia yao. Hawakurudi kwa ajili yangu, wala kwa tangazo la kanisani. Walirudi kwa sababu hakukuwa na pengine pa kupita.

Sasa mimi ni mzee, magoti yananigomea, nataka kunywa chai yangu kwa amani. Haiwezekani. Alfajiri kabla sijafungua dirisha, yule mama wa ndoo yuko uani. "Ma Adventina, pale kwenye kijito gogo moja limeoza." Akiondoka anakuja mwingine, ngazi ya tatu inacheza, mtoto wake nusura aanguke. Yule mzee mwenye haraka alikuja juzi kugomba kabisa, anapiga fimbo chini, eti njia yetu inaharibika na mimi nimekaa tu. Nikamwambia mimi nimestaafu, aende ofisini. "Ofisini wanajua nini?" akanifokea. "Njia ni yetu!"

Miaka yote wakati inaitwa ya watalii hakuna hata mmoja aliyenilalamikia. Ilioza wakiiangalia, kwa adabu, kwa maana mtu halalamikii kisicho chake. Leo wananisumbua kila siku ya Mungu, wananigombeza mlangoni kwangu, hawaniachi nimalize hata kikombe. Nilimwambia yule mzee kwamba ana kelele na aniondokee. Halafu nikavua viatu, nikachukua sululu, nikamwambia kama njia ni yake basi abebe gogo.